Kumtafuta Kidawa Kwenye Mikoko

Tangu nirudi, naletewa baiskeli ambazo hazina ubovu wowote. Mtu anasukuma baiskeli nzima mpaka kwenye kibanda changu, anaiegemeza ukutani, anavuta kigoda, halafu anasema, "Enhe, Selemani, hebu tueleze." Nimeeleza vipande vipande mpaka mwenyewe naanza kuvichanganya. Basi naandika yote kwa mara moja, na anayetaka kujua aje asome. Baiskeli aiache nyumbani.

Mohoro hadi Ndundu

Safari ilianzia mdomoni mwa Athumani wa mitumba. Siku hizi biashara imefunguliwa na kila mwenye miguu anauza kitu. Athumani hubeba marobota ya nguo kuukuu mpaka vijiji vya delta, kule mto unakogawanyika kabla ya kuingia baharini. Aliporudi mara hii hakuanza na salamu. Aliniambia amemwona mama mkwe wangu ukutani.

Kule Mtungani, kijiji cha ufukweni, watu wa hifadhi wamejenga nyumba wanayoiita kituo cha wageni, na ndani wametundika picha ya mwanamke, kubwa kama mlango. Athumani aliapa kwamba ni Bi Somoe kabisa: kile kipaji cha uso, ule mdomo uliovutika upande kidogo, hata kusimama kwake mkono kiunoni.

Sasa, mama mkwe wangu hajapigwa picha maishani, na tangu aolewe hajavuka Ikwiriri. Mke wangu Rehema alipompelekea habari hiyo, Bi Somoe alikuwa anapepeta mchele. Aliweka ungo chini akatamka neno moja tu: "Kidawa."

Kidawa ni mdogo wake, wa tumbo moja. Ule mwaka watu walipohamishwa mabondeni, Bi Somoe alipanda juu na mumewe kuja Mohoro, na Kidawa akashuka na mume wake kwa mtumbwi, wakiwa na majembe na kuku mmoja, wakifuata maji yanakokwenda. Hawakusikika tena. Mafuriko ya baadaye yalipochukua watu wengi wa huko chini, nyumbani walikaa wakangoja, kisha wakamsomea hitima. Mke wangu alikua akijua ana mama mdogo aliye marehemu.

Rehema alikuwa ndani na mtoto mchanga, na shemeji zangu wote wako mbali. Ikabidi nimsindikize mimi. Mnaojua mila zetu mnajua maana yake. Mtu na mama mkwe wake hawazoeani. Hamtazami usoni, hali naye, hapiti nyuma ya mkeka alioukalia. Katika miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa sijawahi kuzungumza naye maneno yanayojaza kiganja, na sasa naambiwa nimpeleke mpaka baharini.

Tulipata lori la mchele. Yeye alikaa mbele karibu na dereva, mimi juu ya magunia. Masika yalikuwa yanaishia, barabara ni tope jekundu, na gari lilikwenda likiyumba kama mlevi anayejaribu kutembea kwa heshima. Kule juu niliona mashamba ya mpunga yametulia ndani ya maji, na mawingu yamelala katikati ya mpunga, nikawa sijui tena mbingu ipo upande gani.

Ndundu, tukiungoja mto

Pantoni ilikuwepo, imefungwa ukingoni, na wenyewe walikuwepo wamekaa. Mto ulikuwa umejaa na unashusha magogo. Miti mizima ilipita na mizizi yake, na juu ya mti mmoja alikuwa amesimama korongo, ametulia kama abiria aliyelipa nauli. Wale wa pantoni walisema hawavuki mpaka magogo yapungue, na hakuna aliyebishana nao. Magari yakapangana, watu wakatandika mikeka.

Njaa ilipotubana nilimwendea mama ntilie mmoja. Watu walikuwa wengi na sahani zake zilikuwa zimebaki moja. Alitutazama, akadhani ni mtu na mama yake mzazi, akapakua wali mmoja mkubwa na kambare mmoja juu yake, akatuwekea katikati yetu, akaenda zake.

Bi Somoe aligeukia mtoni. Mimi nikageukia magari. Wali ukaendelea kutoa moshi.

Baada ya muda nikamsikia anasema, kama anayezungumza na maji, "Mtu akifa njaa kwa ajili ya heshima, heshima yenyewe atamwachia nani?"

Akanawa. Nami nikanawa. Alikula upande wake nikala upande wangu, hakuna aliyemtazama mwenzake, na yule kambare akabaki katikati kama mpaka wa shamba. Mwishowe nikaona mkono wake unamkata, na kipande cha kichwani, chenye nyama, kikaja upande wangu. Sikusema asante kwa sababu sikujua naisema kwa nani, kwa mama mkwe au kwa mto.

Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Tulivuka ndani yake bila kuona ng'ambo wala tulikotoka. Kwa muda kulikuwa na mlio wa injini tu, na watu weupe weupe kama wameshonwa kwa pamba, na Bi Somoe kando ya ukuta wa pantoni ameweka mkono juu ya chuma kama mtu anayempapasa ng'ombe. Aliniambia, na safari hii alikuwa anaongea nami kweli, kwamba maji haya ndiyo yaliyompitisha Kidawa. Kisha ng'ambo ikatokea.

Kibiti na barafu

Kibiti tulifika jioni. Nilikuwa sijaiona tangu maduka yawe ya watu binafsi, nikapotea. Redio zimewekwa milangoni zinashindana, mabanda ya video yana foleni, sabuni za kila rangi zimepangwa mpaka barabarani. Kila nyumba ya tatu ni gesti. Tuliingia moja yenye mapazia ya kijani, na kijana wa mapokezi, bila kuinua macho, akaniuliza kama tunataka chumba cha kitanda kimoja au viwili.

Nilishikwa na kigugumizi ambacho sikuwa nacho tangu utotoni. Nikamweleza kwamba huyu ni mama mkwe wangu. Akasema sawa, chumba cha vitanda viwili basi. Ikabidi Bi Somoe mwenyewe amwambie taratibu kwamba mkwewe atalala nyumba nyingine kabisa, ikiwezekana mtaa mwingine. Nililala gesti ya ng'ambo ya barabara. Kesho yake nilimkuta amekwisha kufagia ua wote wa ile gesti, na kijana wa mapokezi anamwita bibi.

Kutoka hapo tulipata pikap inayokwenda Nyamisati kufuata kamba wa baharini. Wanunuzi wa kamba wamekuwa wengi siku hizi, na wote hubeba barafu kutoka mjini. Nyuma ya gari kulikuwa na mapande ya barafu yamefunikwa pumba za mbao na magunia, nasi abiria tukakaa pembeni yake. Bi Somoe alikuwa hajapata kugusa barafu. Aliingiza mkono chini ya gunia akauacha humo, amefumba macho. Tulipita Bungu, tukaacha barabara kuu, tukaingia kwenye minazi na mikorosho, na muda wote maji ya barafu yalikuwa yakidondoka nyuma yetu na kuchora mstari kwenye mchanga. Nilipomuuliza kama mkono haumuumi alisema unauma, lakini ni maumivu ambayo hajawahi kuyasikia, na kwa umri wake si jambo la kuliachia upesi.

Nyamisati hadi Mtungani

Boti ilikuwa ya mashine, ya mbao, imepakia unga, mafuta ya taa na magodoro. Nahodha alikuwa mtu mnene mwenye sauti nyembamba. Nilimuuliza kama Mtungani kuna mahali pa kulala, akasema tusiwe na wasiwasi, kuna kituo cha wageni kipya, kimejengwa na watu wa hifadhi, nyumba nzuri ya makuti yenye sakafu. Nikafurahi. Nilimwambia Bi Somoe kwamba gesti ipo, na vyumba bila shaka ni vingi.

Mikoko ikatupokea. Sijui niwaelezeje nyinyi wa bara la Mohoro. Ni msitu uliosimama kwa vidole vyake ndani ya maji, na kati ya miti kuna njia za maji zinazogawanyika, na kila njia inafanana na uliyoiacha. Sauti ya mashine inakwenda mbele, inagonga miti, inarudi kama boti nyingine inayokuja. Mara kadhaa nilijiweka sawa kupishana na boti ambayo haikuwepo.

Kisha maji yakapwa. Boti ikakaa juu ya tope, polepole, kama kuku anayetaka kuatamia. Nahodha akazima mashine, akajifunika kofia usoni, akalala. Ilikuwa ni kungoja maji yarudi. Kaa wadogo wenye gando moja jekundu walitoka kwenye mashimo yao wakaanza kupunga, tope zima likipunga, na visamaki vya tope vikaruka juu ya mizizi na kututazama kwa macho yao ya juu ya kichwa.

Hapo ndipo Bi Somoe alipozungumza. Alisema Kidawa alikuwa mtoto asiyeogopa kitu ila giza la ndani ya nyumba. Giza la nje hakulijali. Alisema walipoachana ule mwaka hawakuagana vizuri, kwa sababu kila mmoja alidhani watakutana msimu wa mavuno. Alisema siku ya hitima alipika yeye mwenyewe, na wali ukaungua, na watu wakaula hivyo hivyo wakasema ni mtamu. Nilimsikiliza nikitazama kaa. 

Maji yaliporudi yalituinua bila sisi kujua. Niliona tu miti imeanza kusogea.

Kituo cha wageni

Mtungani tulipofika, kabla Bi Somoe hajatoa mguu wa pili kwenye boti, mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua kaa ufukweni alimpigia kelele, "Bi Kidawa, na tenga langu je? Umelileta?"

Bi Somoe alikaa kwenye mchanga pale pale, nusu majini. Yule mwanamke alisogea, akamtazama vizuri, akaweka mkono mdomoni.

Nikamuuliza mimi, maana mama mkwe hakuweza. "Yu hai?"

"Nani, Bi Kidawa?" alisema. "Mbona juzi tu kaja kuazima tenga langu."

Alitueleza kwamba Kidawa anakaa kwenye shamba lake la mpunga, kisiwani, ng'ambo ya mfereji mkubwa. Lakini kwa mtumbwi hakufikiki mpaka maji yajae vizuri, na hayo ni mpaka kesho asubuhi. Tukapumzike kwanza. Nikamuuliza kilipo kituo cha wageni, akatuonyesha.

Mlangoni alikuwepo mwanamke wa makamo, amevaa shati la kijani la hifadhi, jina lake Zuhura. Nilimwomba vyumba viwili, vilivyo mbalimbali.  Akasema kwa upole kwamba hapa hakuna vyumba wala vitanda. Hapa wageni huja kutazama.

"Kutazama nini?" nikamuuliza.

"Kutazama tulivyo," akasema, akatufungulia.

Ndani kulikuwa na ubaridi wa makuti. Juu ya vichwa vyetu ilining'inia mifupa ya nguva, mizima, mikono yake midogo imeelekezwa chini kama ya mtu anayeogelea kututoka. Kulikuwa na magamba ya kasa, na samaki ndani ya chupa wamekuwa weupe, na mwanga uliopita kwenye makuti ulitembea juu yao upepo ulipovuma, ungedhani tuko chini ya maji sote, sisi na wao.

Na ukutani alikuwepo Kidawa. Athumani hakusema uongo. Amesimama kwenye tope, shoka begani, nyuma yake visiki vya mikoko, mbele yake mche wa mpunga, mkono kiunoni. Bi Somoe alisogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa picha. Hakulia. Alikuwa anapitisha kidole hewani, kwenye mashavu, kwenye mikunjo ya shingo, kama anayejifunza upya.

Chini ya picha palikuwa na maandishi. Bi Somoe anausoma msahafu vizuri kuliko mimi, lakini herufi hizi za shule hazijui. Akaniuliza, "Baba, wameandika nini hapa?"

Iliandikwa ADUI WA MIKOKO. Na chini yake, kwa herufi ndogo, kwamba wakulima wa mpunga hukata mikoko na kuangamiza mazalia ya samaki na kamba.

Nilimtazama Zuhura. Zuhura alikuwa anatazama sakafu.

"Mkulima wa mpunga," nikasema.

Bi Somoe aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Akasema hata utotoni mkono wake ulikuwa wa mpunga. Akakaa kwenye benchi chini ya picha, kikapu mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Ningependa iishie hapo. Lakini kabla hatujaondoka waliingia wageni wa kweli, mabwana na mabibi kutoka Dar es Salaam waliokuja na boti ya hifadhi, wana kofia na kamera. Zuhura alichukua fimbo yake ya kuonyeshea akaanza kazi. Alieleza mizizi, akaeleza nguva, akaeleza kamba wanavyokua kwenye kivuli cha mikoko. Alieleza vizuri, nami nilijifunza. Alipofika kwenye picha sauti ilimpungua. Alitutazama, akatazama wageni wake, akasema, haraka na chini chini, kwamba huyu ni mmoja wa wale wanaotumalizia mikoko.

Bwana mmoja aliitazama picha, kisha akamtazama Bi Somoe aliyekaa chini yake. "Ni wewe, mama?"

"Si mimi," alisema Bi Somoe. "Ni mdogo wangu, Kidawa. Tulimsomea hitima, kumbe analima."

Hakuna aliyepiga picha. Walizunguka kidogo kwenye zile chupa, kisha wakatoka mmoja mmoja.

Bi Somoe alinigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nimuoe binti yake. "Ulisema imeandikwa mkulima wa mpunga."

"Imeandikwa, mama. Na mengine."

"Mengine nimeyasikia," akasema.

Zuhura alifunga mlango akaja kukaa na sisi nje. Alisema maneno yale alifundishwa, na si ya uongo, samaki kweli wamepungua na miti kweli inakatwa.  Kisha akasema, "Lakini mchele ninaopika kwangu unatoka kwa Bi Kidawa. Mwaka wa jana mwanangu alipougua, yeye ndiye alitulisha."

Bi Somoe hakumlaumu. Alimuuliza tu kama picha ilipigwa kwa ridhaa. Zuhura akasema Kidawa aliambiwa asimame akasimama, na alisimama kwa furaha. Tulilala nyumbani kwa Zuhura, tukala bada, ugali wa muhogo, na kaa wa kuchemsha, na kesho yake akasema atatupeleka mwenyewe.

Kisiwani

Zuhura alisukuma mtumbwi kwa upondo amesimama, na shati lake la kijani. Mimi nilikaa mbele na mkoba wangu. Bi Somoe alikuwa katikati, amejifunika kanga, haonekani. Mfereji ulikuwa laini kabisa. Mikoko ikafunguka, na ndani yake kulikuwa na shamba la mpunga lililoanza kuchanua, rangi ya kijani isiyo ya mahali pale, kama kipande cha Mohoro kilichoelea kikaja kukwama. Katikati lilisimama dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambacho watu hukaa kufukuza ndege na nguruwe.

Kidawa alituona. Aliona shati la hifadhi, akaona mwanamume mwenye mkoba. Alishuka ngazi na jembe lake, akaja mpaka ukingoni, akasimama.

"Nilikwishawaambia," alisema. "Nitaondoka nikishavuna. Mpunga huu siuachi shambani."

Nilitaka kusema, lakini mtumbwi ulitikisika. Bi Somoe alikuwa ameshuka. Tope lilimshika mpaka magotini, naye akaitoa kanga kichwani.

"Vuna, Kidawa," alisema. "Nimekuja kukusaidia."

Yule mwanamke aliyeshika jembe alimtazama kwa muda mrefu. Ndege walishuka kwenye mpunga na hakuna aliyewafukuza.

"Somoe hana mvi," akasema.

"Hakuwa nazo."

Kidawa aliingia kwenye tope. Walishikana hapo hapo na hawakuweza kutoka, kila mmoja akijaribu kumvuta mwenzake wote wanazama zaidi, mpaka mimi na Zuhura tukashuka kuwanasua, na wakati huo walikuwa wanacheka na kulia kwa pamoja, na wanasema Kindengereko cha zamani ambacho nilikipata nusu tu.

Nilikaa nao siku chache. Mume wa Kidawa amefariki, wanawe wanavua kamba Mafia. Hifadhi imempa mpaka mavuno, baada ya hapo ahame. Ahamie wapi, hakuna aliyemwambia. Nilimwambia Bi Somoe kwamba tumchukue twende naye Mohoro. Bi Somoe alisema wakishavuna watajua. Aliposema "wakishavuna" nikaelewa kwamba na yeye yumo.

Kurudi

Njia ya kurudi haina mengi. Maji yalikuwa mazuri, barafu haikuwepo, mto ulikuwa umetulia na pantoni ilivuka kama inateleza juu ya kioo. Wali wa Ndundu niliula peke yangu, nikauona mwingi.

Rehema alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alitazama nyuma yangu, kisha akanitazama mimi. Nilimweleza yote, tangu picha mpaka tope, naye akasikiliza bila kunikatiza. Mwishoni akauliza mama yake alisema nini wakati wa kuagana.

Nikamwambia hakusema kitu. Siku niliyoondoka ilikuwa adhuhuri, jua kali, nami nilipanda ngazi ya dungu kuaga. Bi Somoe alikuwa amelala kwenye mkeka, mdomo wazi kidogo, kichwa kwenye mapaja ya mdogo wake. Kidawa alikuwa anawafukuza ndege kwa mkono mmoja, akivuta kamba za makopo, na kwa mkono mwingine ameweka kidole mdomoni kuniambia ninyamaze. Basi nikashuka.

 Rehema alimshusha mtoto mgongoni akampakata.

"Mama?" akasema. "Mimi sijapata kumwona mama amelala mchana."